Profesa na Magogo ya Leningrad



Katika kila karakana ya seremala kuna swali moja lisilotamkwa sana: kazi hii apewe nani, na ile apewe nani? Fundi mkubwa huwatazama vijana wake, hufikiri kidogo, kisha hugawa. Akigawa vibaya hakuna anayelia, maana kila mtu yuko kazini, jasho linatoka, na jioni vitu vimetengenezwa. Hasara yake haionekani kwa macho. Vile viti ambavyo vingaliweza kutengenezwa lakini havikutengenezwa, nani atavihesabu?

Mmoja wa watu wa kwanza kuvihesabu kwa njia kamili alikuwa mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Leningrad, katika nchi ya Urusi. Jina lake Leonid Kantorovich. Nawasimulia habari zake si kwa sababu alipata jibu tu, bali kwa sababu baada ya kulipata ilimpasa kulificha nusu yake kwa muda wa miaka ishirini.

Alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa St. Petersburg. Mji huo ulibadilishwa jina mwaka 1914 ukaitwa Petrograd, tena mwaka 1924 ukaitwa Leningrad, na mwaka 1991 ukarudishiwa jina lake la kwanza. Baba yake alikuwa mganga, akafa mwaka 1922, mtoto akiwa na umri wa miaka kumi. Mwaka 1926, akiwa na miaka kumi na minne tu, aliingia chuo kikuu. Mwaka 1930 alimaliza. Mwaka 1934 alifanywa profesa, naye ana miaka ishirini na miwili. Wanafunzi wake wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa hesabu tupu, ile isiyogusa gogo wala chuma.

Basi mwaka 1938 walimjia wahandisi wa shirika la mbao za tabaka, zile ambazo mafundi wetu huziita tripleksi. Mbao hizo hutengenezwa hivi: gogo hutiwa katika mashini, likazungushwa, na kisu kirefu kikalimenya kama mtu amenyavyo chungwa, hata ukapatikana utando mwembamba wa mti. Tando hizo hubandikwa kwa gundi, moja juu ya nyingine. Wale wahandisi walikuwa na mashini nane na miti ya namna tano. Kila mashini ilikuwa na tabia yake. Moja ilimenya mti laini upesi sana lakini mgumu polepole. Nyingine haikujali, ilikwenda mwendo mmoja kwa yote. Wala hawakuwa na ruhusa ya kumenya mti mwepesi tu na kuacha mwingine, maana tando za kila namna zilitakiwa kwa kipimo chake. Wakamwuliza: Bwana Profesa, mashini ipi ipewe mti upi, na kwa saa ngapi, ili tupate nyingi kabisa?

Swali hili laonekana dogo. Lakini kwa njia za hesabu zilizofundishwa wakati ule halikuweza kumalizika, maana namna za kugawa ni nyingi kupita kiasi, na kuzijaribu moja moja ni kazi ya maisha ya watu wengi.

Ili tuone ugumu wenyewe, na tuache Leningrad kidogo, tuingie katika karakana ya kwetu. Tuseme kuna mafundi wawili, Petro na Yoana, wanaotengeneza mabenchi ya kanisa. Kila benchi lina ubao mmoja wa kukalia na jozi moja ya miguu. Petro kwa siku moja aweza kufanya mbao sita za kukalia, au jozi sita za miguu. Yoana ni mwanafunzi bado: kwa siku moja afanya mbao mbili, au jozi nne. Petro amshinda Yoana katika kazi zote mbili. Fundi mkubwa asema, basi kila mtu na afanye mabenchi yake mwenyewe, mwanzo hata mwisho. Kwa siku sita za juma Petro atatoa mabenchi kumi na nane, na Yoana manane. Jumla ishirini na sita.

Sasa tubadili. Yoana asiguse mbao za kukalia hata moja. Juma zima afanye miguu, atapata jozi ishirini na nne. Petro afanye mbao za kukalia siku tano, apate thelathini, na siku ya sita afanye miguu, apate jozi sita. Hesabu, msomaji: mbao thelathini, jozi thelathini. Mabenchi thelathini! Mabenchi manne yameongezeka pasipo kuongeza saa moja ya kazi wala kununua msumeno mpya. Yalikuwa yamefichwa katika namna ya kugawa.

Kwa watu wawili na vitu viwili twaweza kuona kwa akili. Kwa mashini nane na miti mitano akili yachoka. Hapo ndipo Kantorovich alipotoa ugunduzi wake. Badala ya kutafuta mgawanyo wenyewe moja kwa moja, alitafuta kwanza namba moja kwa kila kitu kinachotengenezwa, namba iliyo kama bei. Aliziita vizidishi vya kutatua. Namba hizo zikiwa sawasawa, kila mashini yajigawia kazi yenyewe: yafanya kile ambacho kwa saa moja chaleta thamani kubwa kuliko vingine. Namba zisipokuwa sawasawa, kitu kimoja kitazidi na kingine kitapungua. Basi waipandisha namba ya kilichopungua, waishusha ya kilichozidi, hata yote yakae.

Rudini kwa Petro na Yoana. Petro ashika kazi zote mbili, naye kwake ubao mmoja ni sawa na jozi moja. Basi tuseme kila kimoja kina bei ya franka moja. Yoana akifanya mbao apata franka mbili kwa siku; akifanya miguu apata nne. Hana haja ya kuambiwa na mtu afanye nini. Bei imemwambia. Na tazameni jambo jingine: siku ya Petro imepata thamani, franka sita, na siku ya Yoana franka nne. Siku za watu hawa wawili zimepimwa, si kwa jasho lao, bali kwa kile kinachopotea mmoja wao asipofika kazini.

Neno hili la mwisho ndilo lililokuwa baruti.

Katika Urusi ya miaka ile mafundisho ya Karl Marx yalikuwa sheria ya serikali. Walimu wa uchumi walifundisha kwamba thamani ya kitu hutoka katika kazi ya mtu iliyotiwa ndani yake, basi. Na sasa kijana wa hesabu, pasipo kukusudia, alikuwa na namba zilizosema kwamba mashini iliyo adimu nayo ina bei, na shamba zuri lina bei, hata kungojea kuna bei. Tena alipoeleza kazi yake mbele ya wataalam katika mwaka 1939, alijibiwa mara kadhaa kwamba kutumia hesabu katika uchumi ni silaha ya mabepari wa Magharibi.

Alifanya nini? Aliandika kitabu kidogo, akaliepuka neno uchumi kadiri alivyoweza. Akakiita kitabu cha njia za hesabu za kupanga na kuendesha kazi ya viwanda. Maana ya vile vizidishi, ambayo ndiyo moyo wa jambo, aliisukuma huko nyuma, katika nyongeza ya pili, akaieleza kwa lugha ya mafumbo. Mwenyewe alikuja kukiri hivyo baadaye. Chuo Kikuu cha Leningrad kilikipiga chapa mwaka ule ule wa 1939, nakala 1,000 tu, kikapelekwa kwa wizara hamsini za serikali. Majibu hayakuwa mengi. Wizara ya reli iliandika jambo la maana kidogo juu ya kupunguza mwendo wa mabehewa, na gazeti la watu wa mbao lilikisifu. Watu wa mbao, ndio. Hao walijua kile walichouliza.

Kisha vita. Wajerumani waliizingira Leningrad tangu mwaka 1941 hata 1944, na watu wengi mno wakafa kwa njaa. Kantorovich alikuwa amehamishiwa mji wa Yaroslavl pamoja na chuo cha wahandisi wa jeshi. Huko, mwaka 1942, aliandika kitabu kikubwa, na safari hii hakufumba. Alisema waziwazi jinsi nchi nzima iwezavyo kupangwa kwa bei za namna ile.

Ndani ya kazi yake yamo pia mambo ya fedha na wakati, nayo yataka tusimame kidogo, kwa kuwa watu wengi hupita hapo wakijikwaa. Tuseme kijiji kina mto. Daraja la magogo lagharimu franka 10,000, na kila mwaka franka 2,500 za kulitengeneza. Daraja la mawe lagharimu 25,000, na matengenezo karibu hakuna. Lipi ni zuri? Mwenye kuchagua la mawe atoa 15,000 zaidi leo, na kila mwaka aokoa 2,500. Baada ya miaka sita fedha yake ya ziada imerudi. Wengi watasema mara moja, basi la mawe. Lakini tuseme fedha ile ile 15,000 ingenunua mashini ya kufyatua matofali, nayo yaokoa franka 5,000 kila mwaka, na yadumu miaka mingi. Huko fedha yarudi kwa miaka mitatu. Kijiji chenye fedha ya jambo moja tu kikijenga la mawe kwanza, kimepoteza, ingawa daraja lenyewe ni zuri na wageni watalisifu. Swali si kwamba daraja lafaa au halifai. Swali ni fedha hii ingefanya nini mahali pengine.

Katika Urusi swali hilo lilikuwa la mabwawa makubwa ya umeme kushindana na mitambo ya makaa. Bwawa ni fedha nyingi leo, na makaa kidogo kesho. Riba ilikuwa neno la aibu, basi vitabu vya uchumi havikuwa na kipimo cha kulinganisha leo na kesho. Wahandisi wa reli na wa umeme, watu wa kazi, walikuwa wakitumia kimyakimya hesabu ya miaka ya kurudisha, kama tulivyofanya kwa daraja. Kule Leningrad mtaalam mwingine, Viktor Novozhilov, alikuwa akiandika juu ya jambo hilo hilo, naye alipata matata yake. Kantorovich alionyesha kwamba kipimo hicho cha wakati si hila ya mabepari. Chatoka katika uhaba wenyewe, kama vile bei ya ubao na miguu ya benchi.

Alipeleka kitabu Gosplan, ofisi kuu ya mipango. Kikakataliwa. Akaelewa kwamba kuendelea ni hatari, na baadaye alipata habari kuwa hakukosea katika kuogopa. Akakiweka kando. Kumbukeni kwamba wakati ule watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hayo. Mimi siwezi kumlaumu. Hata hivyo mtu anafikiri juu ya viwanda vyote vilivyoendelea kugawa kazi kwa kubahatisha, katika nchi yenye njaa, na dawa iko mtoni mwa meza.

Akarudi kwenye hesabu tupu, na serikali ile ile ikampa Tuzo ya Stalin mwaka 1949 kwa hesabu hizo. Lakini hakukaa mbali na viwanda kabisa. Kati ya mwaka 1948 na 1950, pamoja na mwenzake Viktor Zalgaller, alisaidia kiwanda cha mabehewa cha Egorov, mjini Leningrad, jinsi ya kukata mabamba ya chuma ili mabaki yawe machache. Kila mama aliyekata kitenge ajua kazi hiyo: ukipanga vipande vizuri, mtoto naye apata nguo. Mwaka 1951 wakatoa kitabu juu ya ukataji huo.

Wataalam wa Urusi wenyewe husimulia kilichotokea kiwandani baadaye. Mabaki ya chuma yalipopungua, watu wa kiwanda cha kuyeyusha chuma walilalamika, kwa sababu mpango wa serikali ulikuwa umeamuru kiwanda cha mabehewa kiwape mabaki kiasi fulani kila mwaka. Kwa kuokoa chuma, kiwanda kilionekana kimevunja amri! Nawaachia mcheke. Lakini hapo pana jambo la kushika: hesabu yaweza kuwa safi kabisa, na wakubwa wanaoipokea wakawa wanalipwa kwa kitu kingine.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana jambo lile lile lilikuwa likitafutwa Marekani, wala watu wa huko hawakujua habari za Leningrad. Mholanzi Tjalling Koopmans, aliyehamia Marekani mwaka 1940, aliajiriwa Washington mwaka 1942 katika ofisi ya meli za vita. Meli zilipeleka mizigo upande mmoja na kurudi tupu. Aliulizwa namna ya kupunguza safari tupu. Naye George Stigler, mwaka 1945, aliuliza swali la jikoni: mtu mzima aweza kula nini kwa mwaka mmoja ili apate nguvu zote za mwili kwa fedha kidogo kabisa? Kwa kukisia vizuri alipata dola 39.93 kwa bei za mwaka 1939. Chakula chenyewe kilikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabeji, mchicha wa kizungu, na maharage makavu, mengi sana. Stigler mwenyewe hakumshauri mtu yeyote kula hivyo. Akina mama wetu watatambua hiyo orodha. Wao hawakungoja profesa.

Mwaka 1947 George Dantzig, aliyefanya kazi katika jeshi la anga la Marekani, alipata njia ya hesabu iliyomaliza maswali ya namna hii yote kwa hatua zinazofuatana, hata mashini iweze kuzifuata. Swali la Stigler likawa jaribio: makarani tisa na mashini zao za mkono, kazi ya siku 120 kwa jumla ya mtu mmoja mmoja, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea senti 24. Siku hizi mashini ya kuhesabu yafanya kazi hiyo kabla hujapepesa jicho, na njia hizo zatumika kupanga ndege, kusafisha petroli na kuchanganya chakula cha mifugo.

Stalin alikufa mwaka 1953. Mwaka 1956 viongozi wapya walianza kusema makosa yake, na milango ikafunguka kidogo. Mwaka ule ule Koopmans alisikia habari za kile kitabu kidogo cha 1939, akamwandikia barua Kantorovich, na baadaye akahangaika kitafsiriwe. Kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1960. Nako kwao Kantorovich alikitoa mwaka 1959 kile kitabu alichokianza katika vita. Miaka kumi na saba kilingoja. Walimu wa zamani wa uchumi walikishambulia vikali, lakini vijana walikisoma. Katika Chuo Kikuu cha Leningrad masomo ya hesabu kwa wachumi yalianzishwa, na wengine waliokwisha kupata cheti walirudi darasani kama watoto wa shule. Mwaka 1960 alihamia Novosibirsk, katika Siberia, akafundisha na kutafiti huko hata mwaka 1971 alipokwenda Moscow. Mwaka 1965 yeye, Novozhilov na Vasily Nemchinov, ambaye alikuwa amekwisha kufa, walipewa Tuzo ya Lenin.

Je, nchi iliendeshwa kwa bei zake? Hapana. Viwanda vingine vilizitumia, mashirika mengine pia, lakini bei kubwa za nchi ziliendelea kuamriwa na ofisi, na wakuu wa viwanda waliendelea kuandika namba za kupendeza ili wapate zawadi za mpango. Namba za uongo zikitiwa katika hesabu ya kweli, hutoka uongo uliopangwa vizuri. Kantorovich alifariki mwaka 1986. Serikali aliyoitumikia ilivunjika mwaka 1991, na Gosplan pamoja nayo.

Mwaka 1975 yeye na Koopmans waliitwa Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya uchumi, nusu kwa nusu. Dantzig hakutajwa. Koopmans, aliyejua vema kazi ya kila mmoja, aliumia sana moyoni.  Alitoa dola 40,000 kwa taasisi ya utafiti ya Laxenburg, katika Austria, mahali ambapo wataalam wa Mashariki na Magharibi walifanya kazi pamoja, akazitoa kwa heshima ya Dantzig.